Ukubwa Kazini, Sifa na Mgawo wa Vyeo katika Utumishi wa Umma wa India

Mjadala wa India kuhusu nafasi zinazotengwa kwa ajili ya watu wa matabaka yaliyodhulumiwa kwa karne nyingi hufahamika zaidi pale mlangoni: nani apate nafasi chuo kikuu, nani aajiriwe na serikali. Ugomvi mrefu zaidi, hata hivyo, umekuwa ukiendelea ndani ya ofisi zenyewe, baina ya watu walioajiriwa tayari na wanaokaa meza zinazopakana, na swali lake ni kama mgawo uliomwingiza mtu kazini uendelee kutumika unapofika wakati wa kumpandisha cheo. Nimezisoma hukumu za Mahakama ya Juu ya India juu ya swali hilo kwa jicho la mtu ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuandaa ikama za watumishi, na tange, yaani orodha zinazowapanga watumishi kwa ukubwa kazini. Nilipomaliza, nilibaki na imani kwamba kwa zaidi ya miaka sitini mahakama imekuwa ikizungumza kuhusu sifa na ufanisi, ilhali kinachowaumiza watu hasa ni ukubwa kazini, yaani nani alitangulia na nani amempita nani. Hayo ni mambo mawili, na India imelipa gharama kubwa kwa kuyachanganya.

Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, inasema katika Ibara ya 16 kwamba raia wote watakuwa na fursa sawa katika ajira ya serikali, na kwamba asibaguliwe mtu kwa sababu ya dini, rangi, tabaka, jinsia, nasaba au mahali alipozaliwa. Fungu la nne la ibara hiyo hiyo linairuhusu serikali kutenga nafasi kwa ajili ya kundi lolote la raia walio nyuma ambalo, kwa maoni ya serikali, halina uwakilishi wa kutosha katika utumishi. Ibara ya 335 nayo inataka madai ya Matabaka Yaliyoorodheshwa, yaani wale waliokuwa wakiitwa wasiogusika, na ya Makabila Yaliyoorodheshwa, yazingatiwe kwa namna inayoafikiana na kulinda ufanisi wa utawala. Karibu kila kesi nitakayoitaja imetokana na msuguano huo wa uwakilishi upande mmoja na ufanisi upande wa pili. Katika ajira za serikali kuu zinazoshindaniwa na nchi nzima, mgawo ni asilimia 15 kwa Matabaka Yaliyoorodheshwa, asilimia 7.5 kwa Makabila Yaliyoorodheshwa na asilimia 27 kwa yale yanayoitwa Makundi Mengine Yaliyo Nyuma. Tangu mwaka 2019 imeongezwa asilimia 10 kwa maskini walio nje ya makundi hayo yote. Sensa ya mwaka 2011 iliyahesabu Matabaka Yaliyoorodheshwa kuwa asilimia 16.6 ya wananchi, na Makabila kuwa asilimia 8.6.

Anayedhani kwamba ubaguzi wa tabaka hukoma mtu akishapata elimu na barua ya ajira aangalie yaliyompata mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya Katiba hiyo. B. R. Ambedkar, mtoto wa tabaka la Mahar, mojawapo ya yale yaliyoitwa ya wasiogusika, alirudi India mwaka 1917 baada ya kusoma New York na London kwa msaada wa mtawala wa Baroda, akapewa cheo cha heshima katika utumishi wa dola hiyo. Matarishi waliokuwa chini yake kwa kila kipimo cha kiofisi walimrushia mafaili mezani kwa mbali ili wasimguse. Nyumba ya wageni alikopanga ilimfukuza lilipojulikana tabaka lake. Naye akaiacha kazi hiyo muda mfupi baadaye. Elimu yake ilikuwa kubwa kuliko ya karibu kila mtu katika jengo lile. Mgawo wa mlangoni usingemsaidia kwa lolote, kwa kuwa mlangoni alikuwa ameshapita.

Serikali ya India ililitambua jambo hilo mapema, na kuanzia mwaka 1955 watumishi wa Matabaka na Makabila Yaliyoorodheshwa walianza kunufaika na mgawo katika kupandishwa vyeo pia. Upinzani ulifika Mahakama ya Juu kupitia shirika la reli la kusini, katika kesi ya Rangachari iliyoamuliwa mwaka 1961, ambapo majaji watatu dhidi ya wawili walisema kwamba uwakilishi wa kutosha hauhesabiwi kwa idadi peke yake: kundi linaweza kuwa na watu wengi kazini na bado likakosa uwakilishi ikiwa wote wako vyeo vya chini. Naona hoja hiyo ndiyo mzizi wa suala zima, na sijaona hukumu ya baadaye iliyoieleza vizuri zaidi. Takwimu za serikali yenyewe ziliithibitisha kwa namna ya kusikitisha, kwani kwa miaka mingi jedwali la kundi la chini kabisa la watumishi liliwatenga wafagizi katika safu yao peke yao. Wakichanganywa na wengine, uwakilishi wa Matabaka Yaliyoorodheshwa ulionekana mnono kupita kiasi, kumbe sehemu kubwa ilikuwa imeshika ufagio.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Kila kada huwa na rejista inayoonyesha ni nafasi ya ngapi itajazwa na nani. Kwa kuwa asilimia 15 ya nafasi saba inazidi moja kidogo, nafasi ya saba katika kupandisha vyeo huwa ya mtu wa Matabaka Yaliyoorodheshwa. Kwa hesabu hiyo hiyo, ya kumi na nne huwa ya mtu wa Makabila. Mwaka 1995, katika kesi iliyotoka Punjab, mahakama ilifafanua kwamba kinachohesabiwa ni vyeo vyenyewe wala si nafasi wazi za kila mwaka, ili kundi lisije likapata zaidi ya haki yake kwa sababu tu mwaka fulani wamestaafu watu wengi. Tena mgawo huu una dari: katika serikali kuu, kwa vyeo vinavyojazwa kwa uteuzi, huishia kwenye ngazi ya chini ya Kundi A, ambalo ndilo kundi la juu kabisa la watumishi. Makatibu wa wizara hawateuliwi kwa mgawo. Wanaosema kwamba India imekabidhi uongozi wa juu wa serikali kwa hesabu za tabaka wanazungumzia nchi nyingine.

Kisha ukaja mwaka 1992. Serikali ya V. P. Singh ilikuwa imetangaza mwaka 1990 kwamba asilimia 27 ya ajira za serikali kuu zitengewe Makundi Mengine Yaliyo Nyuma, kama ilivyopendekezwa na Tume ya Mandal muongo mmoja kabla, na vijana wa mijini wakaingia barabarani, baadhi wakijichoma moto. Kesi iliyofuata, maarufu kwa jina la Indra Sawhney, iliamuliwa na majaji tisa tarehe 16 Novemba 1992. Waliikubali ile asilimia 27, wakaweka ukomo wa asilimia 50 kwa migawo yote pamoja, wakaagiza wale wenye nafuu miongoni mwa Makundi Mengine waondolewe. Halafu, katika jambo ambalo halikuwa hata kiini cha kesi, wengi wao wakasema kwamba Ibara ya 16 hairuhusu mgawo katika kupandisha vyeo. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu akishaingia kwa mgawo ashindane na wenzake kuanzia hapo, kwani kuendelea kumtengea nafasi kila ngazi kungeugawa utumishi katika kambi mbili za kudumu na kuwaondolea waliotengewa hamu ya kujitahidi. Migawo iliyokuwapo iliruhusiwa kuendelea kwa miaka mitano tu.

Bunge halikungoja miaka hiyo iishe. Marekebisho ya 77 ya Katiba, ya mwaka 1995, yaliongeza fungu jipya, 16(4A), linaloruhusu mgawo wa kupandishwa vyeo kwa Matabaka na Makabila Yaliyoorodheshwa pekee. Makundi Mengine Yaliyo Nyuma, ambayo ndiyo yaliyoizaa kesi yenyewe, yaliachwa nje na mpaka leo yako nje.

Hapa ndipo ukubwa kazini unapoingia, na naomba msomaji anivumilie, maana asipolielewa hili hatajua hasira yote inatoka wapi. Chukua wahandisi wawili wa idara moja ya serikali ya jimbo. Wa kwanza, asiye wa mgawo, ameajiriwa mwaka 1980. Wa pili, wa Matabaka Yaliyoorodheshwa, ameajiriwa mwaka 1984. Nafasi ya saba inapofikiwa, yule wa pili anapandishwa kuwa mhandisi msaidizi mwaka 1990, na wa kwanza anapandishwa mwaka 1993. Sasa wote wawili wana cheo kimoja. Je, katika tange ya cheo hicho kipya, nani atangulie? Ukisema wa pili, kwa kuwa alikishika cheo kwanza, basi ndiye atakayepanda tena mbele ya mwenzake hata kwenye nafasi isiyo ya mgawo, na kupita kwake mara moja kunageuka kupita kwa maisha yote. Ukisema wa kwanza arudishiwe nafasi yake ya awali, basi mgawo umempa wa pili miaka mitatu ya mshahara wa juu na usimpe kitu kingine chochote, kwa sababu kila atakapopanda atasubiriwa afikiwe na kurudishwa nyuma.

Mahakama, kati ya mwaka 1995 na 1999, ilichagua jibu la pili. Bunge likajibu kwa Marekebisho ya 85, yaliyopitishwa mwaka 2001 na kurudishwa nyuma mpaka tarehe 17 Juni 1995, likisema kwamba anayepandishwa kwa mgawo huchukua na ukubwa unaotokana na cheo hicho. Katikati, mwaka 2000, marekebisho mengine mawili yaliruhusu nafasi za mgawo zilizokosa watu zisogezwe miaka inayofuata, na alama za kufaulu mitihani ya kupanda cheo zipunguzwe. Katiba ikawa inarekebishwa kama kanuni za kudumu za idara ya utumishi. Sidhani kuna nchi nyingine iliyowahi kuandika suala la tange ndani ya katiba yake.

Namwelewa yule mhandisi wa mwaka 1980, na simwoni kuwa mbaguzi kwa sababu tu amelalamika. Anayekosa ajira kwa sababu ya mgawo hamjui aliyeichukua nafasi yake, lakini huyu anamjua kwa jina, alimfundisha kazi, na kesho atampelekea faili ili atie saini. Hata hivyo malalamiko yake hayahusu sifa. Kutangulia kuajiriwa si sifa, ni tarehe. Mfumo wa kupanda cheo kwa kufuata tange haumchagui aliye bora, unamchagua aliyesubiri, na serikali zote duniani huupenda kwa sababu unazuia ugomvi na upendeleo. Mtu anayesema kwamba mgawo unauharibu mfumo wa sifa, huku mfumo anaoutetea ni wa kupokezana kwa tarehe ya kuajiriwa, anavaa joho lisilo lake.

Na pale ambapo kupanda cheo hakufuati tange bali taarifa ya siri ya kila mwaka, mambo hayawi safi zaidi. Kwa miongo mingi mtumishi wa India alipimwa na mkuu wake kwa maneno machache asiyoyaona isipokuwa yakiwa mabaya kabisa, mpaka mahakama iliposema mwaka 2008 kwamba kila alama iliyomo humo lazima aonyeshwe. Aliyewahi kukaa katika kikao cha kupandisha vyeo anafahamu tofauti ya "mzuri" na "mzuri sana" inavyozaliwa: aliyekula pamoja na mkuu, aliyetoka wilaya moja naye, anayezungumza kama yeye. Katika jamii ambayo tabaka hujulikana kwa jina la ukoo, kutarajia kwamba kalamu ya mkuu itakuwa kipofu ni kutarajia makubwa mno.

Hoja ya ufanisi, kwa upande wake, imepimwa, ingawa wanaoitumia huwa hawaulizi vipimo. Wachumi Ashwini Deshpande na Thomas Weisskopf walichunguza takwimu za shirika la reli la India za mwaka 1980 hadi 2002, shirika ambalo ni miongoni mwa waajiri wakubwa kabisa duniani na lililofuata mgawo kwa uaminifu kuliko mengi. Hawakuona dalili kwamba kuongezeka kwa watumishi wa Matabaka na Makabila Yaliyoorodheshwa kulipunguza tija. Katika vyeo vya juu, palikuwa na dalili za kinyume chake. Uchunguzi mmoja haumalizi ubishi, lakini unamtaka mpinzani naye alete hesabu zake mezani.

Suala la hesabu ndilo lililotawala sura iliyofuata. Mwaka 2006, katika kesi ya Nagaraj, majaji watano waliyakubali marekebisho yote hayo ya Katiba, ila wakaweka masharti: serikali inayotaka kutumia mgawo katika vyeo ikusanye takwimu zinazoonyesha kwamba kundi lenyewe liko nyuma, kwamba halina uwakilishi wa kutosha, na kwamba ufanisi hautaathirika. Sharti la kwanza lilikuwa la ajabu, maana lilimtaka mtu aliyeorodheshwa kwa sababu ya kutengwa athibitishe upya kwamba ametengwa. Sharti la pili lilikuwa la haki kabisa, lakini serikali nyingi za majimbo hazikujisumbua kulitimiza. Uttar Pradesh, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, liliendelea na kanuni zilizowekwa mwaka 2007 na serikali ya Mayawati, mwanamke wa Dalit, jina wanalojiita watu wa Matabaka Yaliyoorodheshwa, bila kufanya hesabu zilizotakiwa. Mahakama Kuu ya Allahabad ikazifuta mwaka 2011, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo tarehe 27 Aprili 2012. Bunge lilijaribu kuziba pengo kwa muswada wa marekebisho ya 117, ambao ulipita katika Rajya Sabha, baraza la juu, kwa kura 206 dhidi ya 10 mwezi Desemba mwaka huo, watumishi wanaoupinga wakigoma huko Uttar Pradesh. Ulipofika baraza la chini, mbunge wa Samajwadi Party, chama kinachotegemea kura za Makundi Mengine Yaliyo Nyuma, alimnyang'anya waziri karatasi za muswada ukumbini. Haukupitishwa kamwe. Baadaye jimbo hilo liliwashusha vyeo wahandisi na watumishi wengine waliokuwa wamepanda kwa mgawo. Kushushwa cheo baada ya miaka ya kukishika, bila kosa lolote, ni jambo ambalo sikuwahi kuliandikia barua, nami nashukuru.

Karnataka ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya ukubwa kazini ilipofutwa mwaka 2017 kwa kukosa takwimu, serikali iliunda kamati chini ya Ratna Prabha, afisa wake mwandamizi, ikakusanya takwimu za uwakilishi katika idara mbalimbali, ikatunga sheria mpya mwaka 2018, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaikubali. Katika hukumu hiyo Jaji D. Y. Chandrachud aliandika kwamba ufanisi wa utawala hauwezi kupimwa kwa alama za mitihani peke yake, bali pia kwa kadiri utawala unavyowajumuisha wananchi unaowatumikia. Lililonivutia mimi zaidi ni jepesi kuliko hilo: jimbo lililohesabu lilishinda.

Pingamizi ninaloliona kuwa zito ni la wale wanaoitwa malai, yaani walioelea juu ndani ya kundi lenyewe. Mtoto wa katibu mkuu wa Matabaka Yaliyoorodheshwa, aliyesoma shule bora za Delhi, anachukua nafasi ambayo ingeweza kwenda kwa mtoto wa mzoa taka, na katika kupandishwa vyeo jambo hilo ni kali zaidi, kwa kuwa kila aliyefika hapo tayari ana mshahara wa serikali. Mwaka 2018 mahakama iliondoa sharti la kuthibitisha unyuma wa Matabaka na Makabila Yaliyoorodheshwa, lakini ikasema kwamba kanuni ya kuwaondoa malai inaweza kuwahusu hata wao. Na tarehe 1 Agosti 2024, majaji sita dhidi ya mmoja waliruhusu majimbo kuyagawa Matabaka Yaliyoorodheshwa katika makundi madogo ili walio chini kabisa wapate sehemu yao. Naunga mkono kugawa huko mlangoni. Kwenye vyeo nasita, kwa sababu Ambedkar wa Baroda angekuwa malai kwa kila kipimo cha kipato na elimu, na bado alirushiwa mafaili.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili halina sura ya tabaka, ila si geni. Ibara ya 232 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka fursa za kutosha na zilizo sawa za kuteuliwa, kufunzwa na kupandishwa vyeo, katika ngazi zote za utumishi, kwa wanaume na wanawake, watu wa makabila yote na watu wenye ulemavu. Na sheria ya utangamano ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wake kutoka kabila moja. Theluthi hiyo huhesabiwa kwa taasisi nzima. Madereva, makarani na wakurugenzi hujumlishwa pamoja.

India sasa imekataa kujumlisha kwa namna hiyo. Mwaka 2020 mahakama ilisema, katika kesi ya Uttarakhand, kwamba mgawo wa vyeo si haki ya msingi ya mtumishi na kwamba serikali hailazimiki kuutoa, uamuzi ulioudhi wengi. Tarehe 28 Januari 2022 ikaongeza kwamba serikali inayoamua kuutoa lazima ikusanye takwimu zake kada kwa kada, wala si kwa kundi zima la watumishi au kwa idara. Kiasi gani kinatosha, mahakama ilikataa kupanga, ikaziachia serikali zenyewe. Hukumu hiyo ilisema waziwazi kwamba kukubaliwa kwa takwimu za Karnataka, zilizokusanywa kwa makundi, hakukuwa sahihi. Kwa afisa utumishi maana yake ni kazi ya miaka: kila kada ya kila idara ya kila jimbo ifunguliwe tange yake, wahandisi wahesabiwe peke yao na makarani peke yao, na idara isiweze tena kusema kwamba imewajumuisha Dalit vya kutosha kwa kuwahesabia wafagizi wake.